Kliniki ya Jumanne

Wete, saa mbili kasorobo, na benchi limeshajaa.
Makadi yamefungwa kwenye pindo za kanga,
mengine yana doa la mchuzi.
Nyuma ya kadi ya Bi Time wa Kizimbandani
kuna hesabu za karafuu: pishi nne, pishi sita, deni la Faki.
Nasoma kwanza deni la Faki, kisha presha.

Chuoni walinifundisha moyo una vyumba vinne.
Hawakunambia kuna cha tano,
ambamo mgonjwa huficha alichokula jana.

"Umekula nini jana, bi mkubwa?"
"Nile nini mie! Chai kavu tu."
Mashine inasema kumi na tisa.
Mashine haina adabu,
haijui kwamba jana kulikuwa na hitima kwa jirani
na kuikataa halua ya hitima
ni kama kumsusia maiti.

Kijana wa Jadida kaja na simu.
Imeshamwambia anaumwa nini,
nimebaki mimi kutia sahihi.
Namuuliza, panauma wapi?
Anaiangalia simu.
Nacheka, halafu naona haya,
maana usiku wa zamu, mtoto anatetemeka mikononi mwangu
na wa kumuuliza yuko ng'ambo ya bahari,
mimi nami niliiuliza hiyohiyo.

Mama wa Gando alinunua vidonge vitatu dukani, kwa mkopo,
vile vya rangi mbili.
Mtoto kapewa viwili.
Cha tatu kakiweka juu ya kabati
ndani ya karatasi ya daftari la skuli,
kwa yeyote atakayefuata kukohoa.
Miaka kumi nyuma ningemgombeza.
Leo najua kidonge kile ndicho bima ya nyumba nzima.
Lakini vijidudu navyo vinasoma,
vinapanda darasa kila mwaka,
na ada yao tunailipa sisi.
Nilitaka kumwambia hivyo. Nikamwambia:
"Cha tatu mpe leo, baada ya kula."

Dawa ya presha itafika, imeandikwa kwenye barua.
Itafika. Neno zuri, halina tarehe.

Haroub aliondoka mwezi wa tatu.
Anatuma picha za theluji, kavaa koti kama godoro.
Simlaumu. Kiti chake naweka mafaili,
nayo mafaili hayaulizi atarudi lini.

Nikitoka hapa, kazi haitoki nami, inanitangulia.
Muuza pweza anashika bega lake: "Hebu bonyeza hapa, daktari,"
na mkono wangu mmoja umeshika nyanya.
Nabonyeza. Nani atakataa?
Kanipunguzia mia tano, tukaachana.

Ila lile la harusini, Utaani, sijaachana nalo.
Nimevaa, nimejifukiza udi, nimeapa sitamtibu mtu.
Mwanamke akanivuta nyuma ya mlango,
akafunua kanga, akauchukua mkono wangu
akauweka mwenyewe kwenye titi.
Uvimbe, mgumu, ukubwa wa kungu.
Nje vigelegele.
"Tangu lini?"
"Mfunguo Sita."
"Na hukuja?"
"Nilikuja. Siku ile ulikuwa na watu wengi."

Alinena taratibu, kama anayeniombea radhi mimi.

Hina yangu ilikuwa bado mbichi kidoleni,
ikambakia yeye ubavuni, alama ndogo, nyekundu.
Tulimpeleka Unguja wiki ile ile.
Mliotaka kujua mwisho wake, nami nataka.

Siku hizi nikifika namba ya ishirini
nasimama, hata kama mtu kavua shati,
"Samahani baba, dakika moja,"
nachungulia nje.
Waliopo Mafunda keshawahesabu.
Mimi natafuta nafasi zilizoachwa na joto.

Leo ziko mbili.
Ya pembeni pana kadi imeanguka, jina halisomeki.
"Mafunda, nani alikuwa hapa?"
"Kasema atakuja siku nyengine."
"Kashika njia gani?"
"Ya Limbani."
Viatu vyangu vya kliniki havifai kukimbilia.
Navivua.